Kubadili Gia Ukiwa Umembeba Mama Mkwe

Wapo madereva wanaotazama mshale kwenye dashibodi ndipo wabadili gia. Mimi hao siwahesabu. Injini inasema yenyewe ikichoka, na inasema yenyewe ikitaka gia kubwa zaidi, na mtu mwenye masikio mawili mazima hana haja ya mshale. Kwenye pikapu yangu mshale ulishakufa kabla sijainunua, umelala kwenye sifuri, na sikuwahi kuutafutia fundi.

Kuendesha nilifundishwa na dereva wa lori la mpunga, miaka niliyokuwa kibarua kwenye mashamba ya upande wa Mngeta. Alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo haivui hata jua likiwa la utosi. Namna yake ya kufundisha ilikuwa kulala. Ananiachia usukani, anahamia kiti cha abiria, anashusha kofia mpaka puani na kusema, "Mimi nimelala. Nikiamka, umeshindwa." Naondoka. Nikiingiza gia ya pili lori likashtuka kidogo tu, anakohoa. Nikiingiza ya tatu kwa pupa, anakohoa mara mbili. Siku za mwanzo alikohoa mpaka nikakionea huruma kifua chake. "Abiria akijua umebadili gia, hujabadili," alikuwa akiniambia. "Umemgombeza."

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza, ni ngumu kuitii. Mguu wa kulia unaachia mafuta wakati uleule wa kushoto unapokanyaga klachi, si kabla wala si baada. Mkono unaitoa gia mpaka free, pale isiposhika gia yoyote, unasubiri kidogo, muda wa kumeza mate, halafu unaisukuma kwa kiganja bila kuikaba. Ikiwa tayari, inaingia yenyewe. Ikikataa, usiilazimishe, rudi free uanze upya. Kisha ndiyo inakuja sehemu wanayoiharibu wengi, kuiachia klachi. Inapanda upesi mpaka pale inapoanza kushika, hapo unaituliza, unaongeza mafuta taratibu, na gari likishakubali ndipo unaondoa mguu. Kushusha gia ni kugumu zaidi, kwa sababu inabidi injini iongezewe mbio kwanza ilingane na magurudumu. Usipofanya hivyo gari linainamisha pua, na wote waliomo wanainama nalo bila kupenda.

Ilinichukua miezi minne. Siku moja tunatoka shambani tumejaza magunia mpaka juu, mwalimu wangu akashusha kofia kama kawaida, na baada ya muda nikasikia anakoroma. Nilidhani ananitega. Nikapanda gia, nikashusha, nikavuka madaraja, nikapishana na trekta, yeye anakoroma tu mpaka Ifakara. Leseni niliipata baadaye, na picha yangu mle imekaa vibaya, lakini cheti changu hasa ni ule mkoromo. Tangu siku hiyo kipimo changu kikawa kimya cha abiria. Akinyamaza, nimeshinda.

Mama mkwe wangu aliishi Namawala. Mimi na mke wangu tunaishi Ifakara. Asili yetu sote ni Mahenge, na katika ukoo wetu mkwe wa kiume hatazamani usoni na mama mkwe. Hatukuwahi kula sahani moja wala kukaa mkeka mmoja, na tukikutana njiani mmoja wetu anaiacha njia. Nilikuwa namwamkia nimechutama, uso nimeupeleka pembeni: "Shikamoo mama." Naye anaitikia akitazama upande wake: "Marahaba, mkwe wangu." Tukiwa na jambo la kuambiana tunampitishia mke wangu, hata kama sote watatu tumo chumba kimoja. Vijana wanatucheka. Wao wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao na kuzirusha mtandaoni. Sisi tulikaa hivyo miaka kumi na tisa, na sikumbuki siku hata moja niliyodhani mama yule hanipendi.

Kisha nyonga yake ikaanza kumsumbua. Mwanzoni alidhani ni kuinama shambani, maana ilikuwa msimu wa kupandikiza mpunga. Alijikanda kwa maji ya moto, akajipaka dawa za kienyeji na za dukani, akaanza kutembea na fimbo, na mwisho akawa hatembei. Tulipomfikisha hospitali Ifakara walimpiga picha, wakatuambia ugonjwa umo ndani ya mfupa na umekaa muda mrefu. Angetakiwa kurudi kila baada ya wiki mbili.

Muuguzi mmoja, kwa nia njema, alishauri mgonjwa alale kwetu ili asisumbuliwe na safari. Mama mkwe alimwangalia binti yule mpaka akaomba radhi bila kujua kosa lake. Mama halali chini ya paa la mkwewe. Watoto wake wa kiume walikuwa Dar es Salaam, kila mmoja na sababu zake. Mwenye gari nilikuwa mimi.

Pikapu yangu ni ya milango minne. Pale chini, nyuma ya viti vya mbele, niliziba kwa viroba vya pumba za mpunga mpaka vikalingana na kiti cha nyuma, juu yake nikatandika godoro, kikapatikana kitanda. Mke wangu alikuwa anakaa mwisho kabisa, amekipakata kichwa cha mama yake. Kioo cha ndani nilikigeuza kikatazama dari, kwa sababu ndani ya gari hakuna njia ya kuiacha. Kwa hiyo sikumwona. Nilimbeba miezi saba, kwenda na kurudi, bila kumwona. Nilichokuwa nacho ni masikio na gia.

Na niliziendesha gia hizo, nasema kweli, kuliko nilivyowahi kuendesha kitu chochote. Niliijua barabara ile ya Namawala na Idete kuliko ninavyoujua mgongo wangu. Nilijua mahali tope linapokaa na mahali linapojifanya limekauka. Nilishusha gia mapema, kabla ya shimo, ili nisije nikashika breki nikiwa ndani yake. Kwenye maji niliingia na ya pili nikatoka na ya pili, klachi siigusi. Kwenye mchanga niliacha gari litambae kwa uzito wake. Nikifika hospitali shati limeloa mgongoni, na huko nyuma haijasikika hata sauti moja.

Nilikuwa nafurahi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu anaumwa mfupa, barabara ni ile ya makorongo, na halalamiki! Nilitamba kwa madereva wenzangu pale stendi. Niliwaambia kuwa mimi ninabeba mgonjwa kutoka Namawala na analala kama yuko kwake. Mmoja aliniambia labda mgonjwa wangu ni mvumilivu. Sikumsemesha wiki nzima.

Aliyekuwa ananikera ni mke wangu. Kila tukipita sehemu mbaya atasema, "Baba watoto, punguza." Nimepunguza mpaka kuku wanatupita, yeye anasema punguza. Siku moja tukiwa karibu na Idete nilishindwa kujizuia.

"Nipunguze nini tena? Umemsikia mama akilalamika?"

"Hajalalamika."

"Amesema anaumia?"

"Hajasema."

"Basi. Mwenye kuumwa amenyamaza, wewe mzima ndiye unayelia."

Nilimsikia anapanga upya nguo za mama yake, polepole, na hakuniambia punguza tena siku ile wala siku nyingine. Nilichukulia kuwa amekubali.

Ilipofika Aprili mama alilazwa wiki moja, na siku ya nane daktari alimwita mke wangu pembeni. Hawakuwa na kitu kingine cha kumfanyia zaidi ya vidonge vya kutuliza maumivu. Mama mwenyewe alikuwa ameshajua, alikwisha kusema anataka kufia nyumbani kwake. Mke wangu akatangulia Namawala na basi la asubuhi kwenda kuandaa nyumba na kuwapokea ndugu. Mimi nikaachiwa kumleta mgonjwa, pamoja na dada yake mkubwa aliyekuwa akimuuguza wodini.

Huyo mama mkubwa alikuwa amezeeka kuliko mgonjwa wetu, masikio yamepungua nguvu, na kwa sababu hiyo alikuwa anasema kila kitu kwa sauti ya kuita mtu wa ng'ambo. Katika ukoo wao alikuwa amefikia ule umri ambao mtu anasema atakalo na hakuna wa kumkataza, hata mwiko wa mkwe haukumhusu tena. Tulimpandisha mgonjwa, wauguzi wakasaidia, mimi nimegeukia ukutani. Nikasikia mlango unafungwa. Nikawasha gari.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, manyunyu. Barabara ilikuwa imelainika, inateleza lakini haijashindikana. Nilijiambia kuwa hii ndiyo safari yake ya mwisho na sitamshtua hata mara moja. Sikutaka aende na kumbukumbu ya gia iliyokwaruza. Tulitoka mjini, tukayaacha maduka, tukaingia kwenye mashamba, mpunga umesimama kijani pande zote, maji yamejaa majarubani. Nikapanda gia, nikashusha, na kwa masikio yangu mwenyewe sikuweza kutambua mahali gia moja ilipoishia na nyingine ilipoanza. Mwalimu wangu angekoroma.

Tulipoipita Idete kidogo, mama mkubwa alinigonga begani.

"Mkwe, simamisha."

"Kuna nini mama?"

"Simamisha gari nakwambia! Huyu anatafuna nguo."

Nikaweka free, nikasogea pembeni mpaka gari likasimama lenyewe. Sikugeuka.

"Anatafuna nguo vipi?"

"Kanga. Ameijaza mdomoni. Kila ukigusa hilo dude lako hapo anaiuma. Tangu hospitali. Hii hapa imetoboka, ina damu."

Nikasikia sauti ya mgonjwa, ndogo, imekauka: "Dada, nyamaza."

"Sinyamazi. Mtoto wa watu anaendesha, haambiwi?"

Nilisema kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka nataka kujificha. Nilisema, "Lakini mama, sijashtua hata mara moja."

"Kushtua nini?" alisema mama mkubwa. "Mfupa umeoza, baba. Hata gari likisimama unauma. Likitikisika kidogo unauma zaidi. Wewe unadhani yeye ni gunia?"

"Mbona halii?"

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Alie mbele yako? Wewe ni mkwe."

Nilifungua mlango nikashuka. Sikujua ninakwenda wapi, nilijua tu kwamba nikiwa mbali ataweza kulia. Nikapita kwenye tuta la jaruba la watu, viatu vinazama, manyunyu yananiingia shingoni, nikaenda mpaka mahali ambapo gari lilionekana dogo. Nikasimama nimeligeuzia mgongo. Nilikuwa na hasira na mke wangu, aliyejua na kukaa kimya miezi saba. Nilikuwa na hasira na bibi yule aliyesema. Nilikuwa na hasira na hii heshima yetu, ambayo nimeishi nayo na kuisifu, na ilikuwa inamtafunisha mtu nguo yake. Lakini zaidi nilijichukia mimi mwenyewe, niliyekwenda stendi kutamba kuwa mgonjwa wangu analala. Nililia pale, kwa sauti, kwa kuwa mimi hakuna mtu aliyenikataza.

Niliporudi mama mkubwa alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Amekataa kulia," alisema. "Anasema utasikia tu. Anasema twende."

Nikakaa kwenye kiti. Mkono nikauweka juu ya gia na ukabaki hapo. Njia ya Namawala ilikuwa mbele yangu, imebaki karibu nusu, na sikuwa na namna ya kuipita bila kubadili gia. Kurudi hospitali haikuwa na maana. Dereva mwingine asiye mkwe hakuwepo. Nikafikiria kuendesha upesi ili yaishe mapema, nikafikiria kuendesha polepole zaidi, na kila nililolifikiria liliishia kwenye mdomo wake.

Ndipo nilipoiona redio. Ilikuwa palepale siku zote, juu kidogo ya mkono wangu. Nilikuwa siiwashi nikiwa na mgonjwa, kwa sababu nikiiwasha siisikii injini, na nisipoisikia injini siwezi kupata gia vizuri.

"Mama mkubwa," nilisema, ingawa mgonjwa alikuwa umbali wa mkono mmoja nyuma yangu, "mwambie mama kwamba nimechoka, usingizi unanichukua. Nawasha redio. Mwambie redio hii ikilia, mimi sisikii kitu kingine chochote."

Mama mkubwa akalirudia neno langu kwa sauti yake ya kuita ng'ambo. Manyunyu yaligonga bati la paa.

"Mwambie awashe," alisema mama mkwe.

Nikaiwasha, nikazungusha mpaka mwisho. Kilikuwa kipindi cha salamu za Jumamosi, na wimbo uliokuwa hewani ni wa harusi, ule wa kumtoa bibi harusi nje, ngoma na vigelegele. Spika zangu ni mbovu, zilikwaruza. Nikaingiza gia ya kwanza.

Niliendesha vibaya. Sijawahi kuendesha vibaya namna ile tangu niwe mtu wa kukoholewa kwenye lori. Sikuisikia injini kabisa. Gia ya pili niliikosa, nikairudia, ikaingia kwa kishindo. Ya tatu ililia chini ya ngoma, nikaisikia kwa kiganja badala ya masikio. Shimo moja nililiingia nikiwa na gia kubwa na pikapu ikaruka. Na baada ya shimo lile, chini ya vigelegele vya redio, nikamsikia.

Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake ikiwa nzima. Miaka kumi na tisa nilikuwa napewa marahaba ya chinichini. Sasa ilitoka nene, ya mtu mwenye kifua kikubwa, haina maneno, inapanda gari likipanda na kushuka likishuka. Mama mkubwa alikuwa anamwambia, "Lia mdogo wangu, lia." Nilikaza macho barabarani. Nilikuwa nimesema sisikii, kwa hiyo nilikaa kama mtu asiyesikia, na nikaanza kutikisa kichwa kufuata wimbo, ili mama mkubwa amwambie kuwa mkwe amekolea.

Kisha wimbo ukaisha, na sauti yake ikakatika palepale.

Mtangazaji akaanza kusoma salamu. Fulani wa Mang'ula anawasalimu shangazi zake, anawaambia wako salama, mpunga unaendelea vizuri. Alisoma taratibu, anarudia majina, anacheka peke yake. Huko nyuma hapakuwa na hata pumzi. Tulipita kwenye mashimo matatu katika salamu zile, na nikajua sasa kila shimo linakwenda wapi. Nilimlaani mtangazaji yule. Nilimwomba Mungu amnyamazishe aweke wimbo, wowote, hata wa kihuni. Ulipoanza, mama naye akaanza tena.

Tulikwenda hivyo mpaka Namawala. Wimbo, kilio. Salamu, kimya.

Sasa tukawa tunaikaribia nyumba. Kutoka kwenye kona niliona ua umejaa watu. Kina mama wa jumuiya walikuwa wamekaa kwenye mikeka wanasali rozari, wajomba wa mke wangu wamepangwa kwenye viti, na mke wangu amesimama mlangoni amejifunga kanga kiunoni. Mkono wangu ulikwenda kwenye redio ili kuizima. Lakini mama alikuwa bado analia, na kutoka pale konani mpaka mlangoni barabara ni mbaya kuliko sehemu yoyote. Nikizima, wote wale watamsikia. Nikaurudisha mkono kwenye usukani.

Niliingia ua ule redio ikipiga wimbo mwingine wa harusi kwa nguvu zake zote. Rozari ikakatika. Nikasimamisha gari karibu kabisa na mlango, nikasubiri, na niliposikia nyuma kumetulia ndipo nikazima redio na injini pamoja. Kina mama wote walikuwa wananitazama.

"We mkwe," alisema mjomba mkubwa, akiinuka, "umetuletea mgonjwa au umetuletea bibi harusi?"

Mke wangu alifungua mlango wa nyuma na kuanza kumshusha mama yake. Alipopita karibu yangu hakunitazama, na mimi nilijua hajafanya hivyo kwa heshima.

Mama alifariki siku ya tatu. Nilichimba kaburi na wenzangu, nilipasua kuni za msibani, nilichota maji. Hakuna aliyenisemesha zaidi ya kunionyesha kazi. Tulipomaliza matanga, wajomba waliita kikao cha ukoo na neno la kwanza lilikuwa langu. Mjomba mkubwa alieleza kwa utulivu kwamba walimkabidhi binti yao kwa mtu waliyemdhani ana adabu, na mtu huyo amemleta dada yao anayekufa kwa muziki wa ngoma na vigelegele, mbele ya majirani na mbele ya wanajumuiya walio katika sala. Aliuliza kama nina la kusema.

Mama mkubwa alikuwa amekaa katika mkeka wa wanawake. Nilimwona anafungua mdomo. Nilitikisa kichwa, kidogo tu, naye akanielewa, akaufunga. Kama ningejieleza, ningekuwa namwambia kila mtu pale kwamba nimemsikia marehemu akilia. Alitafuna kanga miezi saba ili hilo lisisemwe. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaomba radhi kwa wajomba, kwa kina mama, kwa marehemu. Walinisamehe, kwa namna ile ya kusamehewa huku unatazamwa. Mpaka leo nikifika Namawala nasikia watoto wakiambiana kuwa yule ndiye mkwe wa redio.

Siku tuliyorudi Ifakara mke wangu alikaa mbele. Kule nyuma godoro lilikuwa limeshatolewa, vimebaki viroba vya pumba. Mikono yangu ilikuwa imeurudia ufundi wake, gia zinaingia laini, injini naisikia. Tukaipita Idete.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Kwa nini ulimwekea mama yangu muziki?"

Ningeweza kumwambia ule uongo wa usingizi. Nilikuwa nimeuandaa. Lakini yeye hakuwa kikao cha ukoo, na nilikuwa nimechoka. Nikamwambia yote, kanga, jaruba, salamu za Mang'ula. Alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Ulijua," nilimwambia. "Miezi saba ulikuwa unajua, na mimi natamba stendi. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia safari ya kwanza tu. Alinikataza."

"Kwa sababu ya heshima."

"Hapana." Alifuta macho. "Alisema, 'Mwache. Mkwe wangu hawezi kunishika mkono, hawezi kunipa pole usoni, kitu alichonacho cha kunipa ni hizo gia zake. Nasikia anavyojitahidi.' Alisema, 'Ukimwambia kwamba naumia, atakuwa hana tena cha kunipa.'"

Mbele yetu barabara ilikuwa inapanda kidogo. Nilikuwa kwenye gia ya nne na gari lilitaka ya tatu, halafu lilitaka ya pili, injini ikaanza kugonga na kutetemesha vioo. Nilikuwa nasikia kila kitu, najua cha kufanya, na mkono wangu ulikuwa juu ya gia. Niliuacha pale pale mpaka gari likazimika katikati ya barabara.